Mstari wa Kilichofichika

Kilichofichika, asema Bi Thureya,
hakifutwi. Huchorwa kwa vistari vilivyokatika,
kimoja, nafasi, kimoja, nafasi,
ili msomaji ajue: nyuma ya chuma hiki
kuna tundu, hata kama jicho halilifikii.

Nimeandika. Saa kumi na mbili na nusu jioni,
chuo cha Magongo, chumba cha juu ya karakana,
kompyuta kumi na nne, zinazowaka tisa,
na mimi, Mbeyu wa Ngowa, miaka thelathini na minane,
mkubwa kuliko wote ila mlinzi.
Mchana nauza vipuri Mwembe Tayari;
beringi nazijua kwa namba
kama watu wajuavyo simu za wadeni wao.
Lakini kipanya kilinitoka mkononi wiki nzima
kama sabuni.

Kazi ya mwisho wa muhula: leta kifaa kilichovunjika
kisicho na mchoro popote,
ukipatie mchoro.
Nikaenda Kongowea, kwa Mama Dama, kwenye mashine ya kukuna nazi.
Mtaka cha mvunguni huinama. Niliinama,
shavu sakafuni kwenye machicha na grisi,
nikaifungua gia. Meno thelathini na moja.
La thelathini na mbili lilikwenda na Ramadhani iliyopita.
Juu yangu Mama Dama: "Utamaliza lini?
Wateja wangu wa alfajiri hawali michoro."

Vania ikanipa kipenyo cha tundu:
ishirini na mbili, nukta nne.
Kitabu kinasema ishirini na mbili kamili.
Nikafuta kwa leso, nikapima tena. Nukta nne.
Nikaigeuza. Ubavuni, chini ya grisi,
alama tatu za patasi, pembetatu isiyofunga:
mkono wa baba.

Baba hakuwahi kuchora. Alipiga chaki sakafuni, Shimanzi,
akapima kwa shubiri, kwa uzi, kwa ukucha,
na jioni mimi ndiye niliyefagia.
Vidole amebaki navyo vinane.
Viwili kerezo lilivila Jumanne moja
na nyumbani hakuna aliyeuliza.

Nikamsahihisha. Ishirini na mbili kamili.
Skrini ikaridhika.
Bi Thureya akasimama nyuma yangu, kimya, kisha:
"Umepima na shafti?"

Hapo stima ikapotea.
"Hifadhini! Kila siku nawaambia hifadhini!"
alilia gizani, yeye binti wa aliyehifadhi juzuu thelathini,
nasi tukacheka, maana kazi yetu ya saa mbili
haikuwa kifuani mwa yeyote.

Kesho yake nikarudi mvunguni.
Shafti iliwahi kulika, ikachomelewa,
ikakerezwa upya:
ishirini na mbili, nukta tatu nane.
Baina ya shafti na tundu la baba
mna nafasi ya utando wa mafuta, basi.
Gia yangu iliyo sahihi
isingeingia hata kwa nyundo.

Nikachora upya, kwa nukta nne.
Pembeni mwa kipimo huandikwa ruhusa ya kukosea,
jumlisha kidogo, toa kidogo,
na nilikaa muda mrefu mbele ya kisanduku kile
kidole juu ya kibonye,
nikiwaza nimpe nani ruhusa, na ya nini.

Jumapili nikamtandikia karatasi mezani.
Mtoto wa jicho umemfunga upande mmoja;
akaipapasa kama kitambaa anachotaka kununua.
"Hivi vilivyokatika?"
"Visivyoonekana, baba."
Mkono ukasimama hapo.
Kisha akauliza, taratibu,
kama fundi anayemuuliza fundi:
"Na ule mlio wake, inapoanza kuchoka,
umeuandika wapi?"

Nikatazama karatasi yote, kona hadi kona.
Mstari wa hilo
sikuwa nao.